Mmea wa Mama Kopo

Zahanati nzima ilimwita Mama Kopo. Kila mzazi aliyejifungua salama mikononi mwake aliondoka na mtoto ndani ya shuka, na kipande cha mmea ndani ya kopo tupu la maziwa. "Kipande mlangoni," mkunga angesema. "Wakue pamoja." Kisiwa kikajaa maua ya zambarau, naye akipita barabarani alizitambua nyumba za watoto aliowazalisha kabla hajabisha hodi.

Bwana misitu alipokuja kuwafundisha watu kutambua mimea vamizi, Mama Kopo alikaa mbele, kando ya kaka yake mfuga nyuki. Bwana misitu akainua kitawi. "Jani ni kama moyo. Ligeuze, chini ni jekundu. Vunja shina, utaona utomvu mweupe. Na kila kifundo kikigusa udongo kinaota. Huu ndio unaokaba miti ya asili kule mlimani."

"Miti yangu imefunikwa gubigubi!" kaka yake akadakia. "Haitoi hata ua, na nyuki wamehama. Ningemjua aliyeuleta, ningemtuma akawaombe radhi nyuki, mmoja mmoja!"

Watu wakaangua kicheko. Mama Kopo naye akacheka, lakini macho yake yakabaki kwenye kitawi. Yeye ndiye aliyeuleta, mkobani, alipotoka masomoni ng'ambo. Aliupenda kwa kuwa haukufa ovyo.

"Dada, umemeza ulimi?"

"Joto tu, kaka."

Kaka yake hakuutambua, na hakuwa wa kulaumiwa. Ule wa mlimani ulikuwa na mashina manene kama mkono. Wa mlangoni kwake ulipunguzwa kwa mkasi kila juma, ukapanguswa vumbi na mkewe. Binti yao, aliyepewa kopo hilo alipozaliwa, alichukuliwa na homa kabla hajaanza shule. Mmea ukabaki.

Mama Kopo angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza mkunga habari za miti? Lakini kila alipoinua macho, mlima ulimtazama kwa rangi yake ya zambarau, rangi aliyokuwa akijivunia. Alfajiri akang'oa wa kwake, kisha akaenda kwa kaka yake akiwa na jembe na gunia.

"Wifi, karibu! Leo unakuja kulima kwetu?" wifi yake akatania.

"Wifi yangu, mmea unaoua miti ya mumeo ni huu wa mlangoni. Niliuleta mimi."

Wifi yake akalichuma jani, akaligeuza. Lilikuwa jekundu. Kaka yake akatokea mlangoni, akaona jani, akaona jembe.

"Huu ndio uliobaki wa mwanangu," wifi yake akasema.

"Najua."

"Unajua, na bado umekuja na jembe."

Mama Kopo akaliweka jembe begani. Akageuka aondoke.

"Unakwenda wapi?" Sauti ya wifi yake ilikuwa kavu. "Ulinipa kwa mkono wako. Utoe kwa mkono wako."

Mama Kopo akapiga magoti. Kopo lilikwishaoza zamani, mizizi ikapita chini ya kizingiti hadi ndani ya nyumba. Akachimba, akavuta, utomvu ukamganda vidoleni. Wifi yake alishika mdomo wa gunia bila kumtazama, na kila kipande kilichodondoka alikiokota mwenyewe.