Nywele Zilizokwama Juu ya Nyusi

Nywele hizi zilinigharimu makopo saba ya mafuta, maparachichi ambayo yangelisha familia, mayai ya kuku wa jirani, na mwishowe nusu ya biashara yangu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza makopo yalikuwa sita, kwa sababu moja nililiruka kwa aibu: lilikuwa na picha ya farasi, na hata aliyeniuzia hakuwa na uhakika kama lilitengenezwa kwa ajili ya watu.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wamekimbia Rwanda. Kila shule zilipofunguliwa mama alinikalisha mlangoni akanikata nywele kwa mkasi wa vitambaa, kwa kuwa mwalimu hakutaka kuona kitu kichwani zaidi ya kivuli. Ungekuwa msiba wa kawaida wa kila msichana wa shule, ila mama yangu alikuwa msusi. Jumamosi wanawake walipanga foleni mbele ya kigoda chake. Alisuka mabinti wa watu na wake za watu, na siku moja alimsuka mke wa mwalimu yule yule, huku mimi nimekaa pembeni na kichwa kinachong'aa, nikimshikia kichanuo. Nikilalamika, alikuwa na jibu moja tu, mwaka hadi mwaka:

"Zako tutazisuka tukifika kwetu."

Basi, vita vya Rwanda vilipokwisha tulifika kwetu. Mama alipata shamba la kulima Kanzenze, na mimi nikapanga chumba Gisenyi mjini, nikaanza kuvusha vitunguu kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Beseni kichwani asubuhi, beseni tupu mkononi jioni. Nywele nikaziacha.

Alichotaka kunisuka mama ni mtindo wake mwenyewe: mistari myembamba inayoanza pande zote za kichwa, mbele, nyuma na juu ya masikio, yote ikipanda kukutana utosini, na hapo inafungwa fundo moja kama mfuniko wa kikapu. Kipimo chake hakikuhitaji futi ya fundi. Unavuta nywele ya utosini kuileta mbele. Ikigusa nyusi, kichwa kiko tayari. Pungufu ya hapo fundo halishiki, linafumuka kabla ya Jumatatu.

Shida ni kwamba vidole vyake navyo vilikuwa vimeanza kugoma. Kanzenze kuna baridi, na kila mvua ziliporudi viungo vilimvimba. Sinia moja la maharage ya kuchambua lilimlia asubuhi nzima. Alikuwa akikunja ngumi na kuifungua mbele yangu, kama mtu anayejaribu kufuli bovu, halafu ananitazama kichwani.

"Fanya haraka," ananiambia.

"Mama, si mimi ninayezisukuma."

"Ongea nazo. Si wewe unaongea na kila mtu?"

Mwanzoni zilikwenda vizuri. Zilitoka utosini zikafika mwanzo wa paji la uso, zikashuka hadi katikati yake. Hapo zikasimama kama lori linalosubiri karatasi mpakani. Mwezi ukapita, ukafuata mwingine, nikivuta ni pale pale, vidole viwili juu ya nyusi. Na ajabu ni kwamba za pembeni ziliendelea na safari: za masikioni zilikuwa kwenye taya, za kisogoni zinagusa kola. Za utosini peke yake ndizo zilizokataa. Mtu mwenye akili angejiuliza utosini kuna nini. Mimi nilijiuliza ni mafuta gani sijanunua.

Goma kulikuwa na mama mmoja mwenye meza ya mafuta ya nywele, mwili mkubwa, kilemba kikubwa zaidi. Nilimwendea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Dada, kamata hii," alisema. "Hii iko ya nguvu. Nywele itafika kwa mugongo."

"Mgongo wa nani?"

"Ya wewe!"

"Vua kilemba kwanza nione yako imefika wapi."

Wenzake wa meza za jirani wakaangua kicheko. Yeye hakutikisika.

"Mi niko muuzaji," alisema, "siko mugonjwa."

Nikaona mwenye jibu kama hilo anastahili kulipwa, na nikanunua. Nilimshusha bei hadi akaapa kwamba sitaona tena meza yake, kisha akanirushia kitana juu kama zawadi. Hivyo ndivyo nilivyonunua karibu makopo yote. Kila mara niliondoka nimeshinda mimi, na kila mara nywele zilibaki vidole viwili juu ya nyusi.

Kisha kukawa na kipindi ambacho barabara za vijijini hazikuwa salama, na mpaka ukafungwa. Mama alishuka kutoka Kanzenze na godoro lake, akaja kukaa nami chumbani. Vitunguu vikachipua kwenye gunia. Hatukuwa na pa kwenda wala cha kuuza, basi mama akaamua kushughulikia kichwa changu. Aliponda parachichi, akavunja yai, akachanganya na kopo nililokuwa nalo, akanipaka na kunifunga kitambaa. Nilinuka kama chakula cha sikukuu kilichosahauliwa. Jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye naye alivusha vitunguu, alichungulia mlangoni.

"Yewe! Munapika nini?"

"Kichwa," alisema mama.

Jirani huyo alikuwa mzaliwa wa mji huu, ana ndugu nusu huku nusu Goma, na kichwa chake alikinyoa kila baada ya majuma mawili kwa hiari yake. Alisema nywele ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Majuma yalipita, na Jumapili moja mama akanivuta nywele ya utosini kuileta mbele. Ilikuwa imeshuka. Kilibaki kidole kimoja. Alipima tena, kwa kuwa nami nilimwambia apime tena, na kilikuwa kimoja kweli. Tulipiga vigelegele wawili chumbani kama watu waliopata mtoto. Mama akasema ni yai. Mimi nikasema ni parachichi. Hakuna aliyesema ni mpaka.

Mpaka ulipofunguliwa nilirudi kazini na mchanganyiko wangu kwa kiburi, nikijipaka kila Jumamosi. Nilinunua hata kopo la farasi. Na nywele, baada ya muda mfupi, zikarudi vidole viwili. Narudia: zikarudi. Nilijua bei hupanda na kushuka. Sikujua kwamba nywele nazo zinaweza kushuka bei.

Mama alikuwa bado kwangu. Siku hiyo alitoka nje na beseni la kufua. Baadaye akaniita uani.

Mkononi alikuwa na ngata yangu, ile ya kitenge ninayoiviringisha na kuiweka kichwani chini ya mzigo. Ilikuwa ngata ile ile tangu nianze biashara. Kwangu ilikuwa ngata ya bahati, nilikuwa nimekataa kuibadilisha hata ilipokakamaa kama kamba. Mama alikuwa ameikunjua ili aifue. Ndani ya mikunjo yake, kuizunguka yote, kulikuwa na nywele, vipande vifupi vifupi vyeusi vilivyonasa kwenye kitambaa.

"Umeanza kufuma sweta?" akaniuliza.

Nilichukua kipande kimoja nikakitazama. Hakikuwa na mzizi. Kilikuwa kimekatika. Nikaigusa ile ngata, kisha nikagusa utosi wangu, na vyote viwili vilikuwa na upana mmoja.

Hazikuwa zimeacha kukua. Zilikuwa zinakua kila siku, na kila siku mimi nazivunja kwa beseni la vitunguu. Mpaka ulipofungwa kichwa kilipumzika, nazo zikasogea. Yai na parachichi walikuwa wamesimama tu karibu, wakapokea sifa.

"Na wako watu wanaopaka maji ya vitunguu ili nywele ziote," nikasema.

"Wanapaka," alisema mama. "Hawajitwiki gunia juu."

Sasa hesabu ikawa ngumu. Biashara yangu yote ilikuwa juu ya utosi, na fundo la mama pia. Ngata mpya yenye bitana ya satini niliishona, kwa kipande nilichomwomba fundi wa magauni ya harusi. Ilisaidia kidogo, uzito ukabaki uzito. Nilifikiria kubeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba wanawake wa milima ya ng'ambo. Lakini hapo ningekuwa nimebadilishana upara wa juu kwa upara wa mbele, na mabadilishano ya namna hiyo sijayafanya tangu nijue kuhesabu. Mama alikunja ngumi, akaifungua. Safari hii kidole cha kati hakikunyooka chote. Aliona nimeona.

"Acha," alisema. "Utakula nywele?"

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwa jirani.

"Kichwa chako," nikamwambia, "nakitaka."

"Ma we! Kukitia wapi?"

Nilimweleza. Kila mtu sokoni alijua kwamba yeye ana shingo ya chuma na mdomo wa pamba. Mteja akimwambia kwamba vitunguu ni vidogo, anaona huruma, anamwongezea. Mimi nilikuwa kinyume chake. Yeye abebe yote hadi ng'ambo, yangu na yake, kwa safari mbili. Mimi nikae kule nikiuza yote, yake na yangu. Tugawane sawa.

"Sawa kwa sawa?" akauliza. "Mi nabeba, we nasema tu?"

"Jana kitunguu ulikiuza bei gani?"

Akaniambia. Nikamwambia yangu. Akajikuna kichwa chake kilichonyolewa.

"Bon," alisema. "We Mutanzania, ulizaliwa na mudomo mbili. Donc, kesho nabeba. Lakini siku nywele itafika kwa mugongo, mi nitapanda juu, unibebe."

Nilisema nusu ya biashara, na ndiyo hiyo. Ilipungua, kwa kuwa mtu mmoja, hata mwenye shingo ya chuma, habebi kama wawili. Lakini haikufa. Kuna siku tuliuza kidogo tukapata zaidi. Yule mama wa mafuta alikuwa akija mezani petu kunisikiliza nikipatana bei, anasema amekuja kujifunza namna nilivyokuwa nikimwibia.

Na nywele zikatembea, bila yai, bila farasi. Zikapita pale zilipokwama, zikashuka polepole kwenye ngozi tupu ya paji. Kila Jumapili mama alizivuta, mimi nimefumba macho. Ilikuwa Jumapili kama nyingine, tumetoka misani, alipovuta na mimi nikahisi kitu kinanitekenya kwenye nyusi. Alivuta tena, mara ya pili, kisha nikasikia anaburuta kigoda.

"Leta kichanuo," alisema.

Nilikaa chini kati ya magoti yake, kwa mara ya kwanza upande ule wa foleni. Alianza mbele. Vidole vilikwenda, vikasimama, akavitia kwenye beseni la maji ya moto, vikaendelea. Aliniinamisha, akanigeuza, akanipiga kidogo begani nilipotikisika, kama alivyokuwa akiwapiga mabinti wa watu. Jirani alikuja na kiti chake kutazama. Alikuwa akitoa ripoti kwa sauti: mustari huu iko muzuri, ule iko muzuri zaidi.

Nyuma ya sikio la kushoto, ikiwa imebaki mistari miwili, mikono ya mama iliacha. Alijaribu maji ya moto, akajaribu tena.

"Hiyo miwili ni yako," alisema.

"Sijui, mama."

"Umenishikia kichanuo miaka mingapi? Gawa. Chukua tatu. Okota chini, usivute."

Niliisuka bila kuiona, yeye akiniongoza kwa maneno. Ilipofika utosini aliikusanya yote, mistari yake na miwili yangu, akafunga fundo kwa viganja. Likashika. Alipapasa kichwa kizima kutoka mbele kwenda nyuma, akafika kwenye ile miwili, akacheka hadi machozi.

"Hii imelewa," alisema.

Fundo lilivuka Jumatatu. Lilivuka na mpaka, kila siku, likiwa juu kabisa bila beseni.

Tangu siku hiyo nasuka mwenyewe. Mama anakaa kwenye kigoda akitoa amri, mikono mapajani. Mistari ya mbele imenyooka, hata yeye hana la kusema. Lakini ya nyuma bado inalewa, yote, na kila Jumapili anaipapasa na kucheka, nami ningependa angalau mara moja akose cha kucheka. Nimejaribu vioo viwili. Mkono wa kulia unageuka wa kushoto. Nimejaribu kumwita jirani; anasema yeye ni shingo tu. Kwa hiyo nauliza, na wewe uliyesoma hadi hapa usijifanye hukusikia: mtu anagawaje mstari ulionyooka kwenye kisogo chake mwenyewe? Anayejua aniambie. Nitamlipa vitunguu, na bei, hiyo tutapatana.