Chanjo ya Koo la Rose

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kliniki moja ya Kawangware, sista msimamizi hakunionyesha mgonjwa. Alinionyesha friji. "Hapa ni digrii mbili hadi nane," alisema. "Ukizembea, unadunga watu maji." Nilihesabu vichupa vya chanjo, kisha nikarudia. Alidhani nataka kumfurahisha. Ni tabia tu. Hata mayai ya nyumbani nayahesabu mara mbili.

Baadaye nilihamishiwa Soweto West, Kibera, na huko nikamjua Rose, muuza sweta za mitumba Soko la Toi. Alikuwa na vinyama kwenye njia ya hewa, vinavyoletwa na virusi vya HPV. Daktari wa koo akivikata, vinaota tena. Vikiota, sauti inakwisha, halafu pumzi inaanza kukwama. Alishakatwa mara saba. Bei alikuwa akitaja kwa vidole, wateja wakidhani anaringa.

Safari hii, baada ya kumkata, daktari alimwandikia dozi tatu za chanjo ya HPV. Hakuahidi kumponya. Alisema huenda vinyama vikachelewa kurudi.

Nilimwendea afisa wa chanjo kumwombea dozi hizo. "Sista, zilizo kwa friji yako ni za wasichana," alisema. "Ukimpa Rose, niambie ni msichana gani tutamrudisha nyumbani bila chanjo." Alikuwa sahihi, jambo linaloudhi sana.

Rose akatafuta duka la dawa kule stendi ya Kawangware 56. Nilimsindikiza na kisanduku cha barafu. "Sauti sina," alininong'oneza, "na bado muuzaji amenipunguzia karibu nusu."

Nilisoma pakiti. Nikaisoma tena.

"Hii ni ya aina ya 16 na 18," nikamwambia muuzaji. "Hizo ni za saratani ya mlango wa kizazi. Vinyama vya koo ni 6 na 11, na hapa hazimo."

"HPV ni HPV, sista."

"Simama Toi uite 'Otieno', uone ni akina Otieno wangapi watageuka."

Rose hakuiachia ile pakiti. "Si itasaidia hata kidogo?"

"Koo lako haitaligusa, dada."

Akairudisha kaunta. Tuliagiza yenye aina zote nne, na hiyo hakupunguziwa kitu. Wiki mbili za kungoja alizihesabu kwa pumzi.

Nilimdunga mara tatu ndani ya miezi sita. Katikati alikatwa mara moja tena. Tangu hapo, kila daktari akiingiza kamera kooni, haoni kitu. Hasemi amepona, anasema havijarudi. Nami siongezi neno.

Sasa nimestaafu. Ninyi wauguzi vijana mna friji zinazolia zenyewe joto likipanda, lakini pakiti haijisomi.

Juzi nilipita Toi nikashika sweta ya kijani. Rose akataja bei, nikataja nusu yake.

"Sista, mtu mzima unataka nilale njaa? Mama Brayo, kuja usikie huyu!"

Meza tatu ziligeuka. Nikaongeza kidogo sana, akapaza sauti tena. Tulivutana karibu nusu saa. Sweta sikuwa naihitaji.