Disiki Zenye Kulala kati ya Maputa Yangu

Ni ule mwaka tulikula lenga-lenga mpaka meno ikageuka kijani. Maharagi ya Walungu ilikuwa inapita ku barabara kama bibi arusi: unaiangalia, hauigusi. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, tulikuwa tunanusa kwa jirani. Siku ya Noeli kuku ilikuwa moja kwa nyumba zote za parsele, na mimi nikapewa shingo. Mutu akiniuliza ni mwaka gani, namujibu hivyo. Tarehe sikusomea.

Ule mwaka njo mujukuu wangu, binti ya mutoto wangu wa kwanza, alianza kukata vyuma mu ateliye, karakana ya hapa Cimpunda. Milango, madirisha, misalaba ya makaburi. Wamama wenzangu wa sala wakanisikitikia kama vile nimefiwa.

"Maman, nani ataoa mukono yenye kunuka kutu?"

"Mwenye anataka mulango yenye kufunga," nikawajibu.

Kwa mudomo nilikuwa simba. Ndani ya tumbo nilikuwa naogopa ile mashine yake ya kukatia.

Mashine ya kwanza nilimununulia mimi. Nyekundu, nzuri ya kuangalia, nyepesi kama termosi tupu. Haikumaliza hata juma. Ililia kama mbuzi yenye inachinjwa vibaya, ikatoa moshi, ikanuka nywele ya kuungua, ikafa. Mpaka leo nafungia nayo mulango ya kuku. Kwa ile ya pili tuliuza nguruwe. Nguruwe muzima, mwenye mimba, kwa kitu ya kushika mu mukono! Niliililia ile nguruwe. Lakini siku alinipa mashine niishike, nikasikia uzito wake, uzito wa mutoto mwenye amenyonya akashiba, nikanyamaza. Inatembea na betri, kwa kuwa umeme wetu hapa ni kama mugeni: unafika wakati unataka, unaondoka bila kuaga.

Mashine yenyewe haikate kitu. Kinachokata ni disiki, ile sahani nyembamba yenye inazunguka na kula chuma. Hiyo nayo iko ya aina mbili: yenye kula chuma na yenye kula watu. Siku moja mu ateliye disiki ya bei rahisi ilipasuka ku mashine ya mwenzake. Hakuna aliyeumia. Lakini nilienda kuona, nikatia kidole mu ubao ya mulango pale kipande kiliingia. Kilikuwa kimezama mule kama jino, na ule ubao ni muninga.

Tangu siku ile mujukuu wangu ananunua disiki kidogo na nzuri, na anazilalisha mu sanduku yangu, katikati ya maputa yangu, vitenge vyangu vya misa. "Koko, disiki ikinywa unyevu inakuwa biskuti," aliniambia. Na Bukavu yetu, unyevu unaingia mpaka ndani ya mifupa. Basi maputa yangu ya Pasaka ikaanza kulala na vitu vya ateliye. Nilikubali. Nilifanya tu alama ya musalaba kwanza.

Chini ya kwetu kulikuwa na papa, baba mumoja mwenye duka ya misumari, kufuli, bati. Disiki za bei rahisi alizipanga mbele kama mikate. Mutu muzuri, mudomo mukubwa. Mujukuu wangu akipita, anaanza:

"Mademoiselle wa moto! Leo tena hausalimie disiki zangu?"

"Papa, nasalimia wewe. Disiki zako hatujuane."

Na watu wanacheka, na yeye mwenyewe anacheka kuwapita.

Sasa, hapa kwetu kila mutu anafunika mufereji wa mbele ya mulango yake na vyuma vyake, ili wateja wapite. Serikali haiko ndani. Huyu papa alifunika wake na vyuma vyenye vilibakia ku kazi zingine, na kwa kuwa havikutosha, aliviachanisha. Kati ya chuma na chuma mulikuwa munaingia mukono. Mulikuwa munaingia na mguu.

Ilikuwa saa za mangaribi, mawingu yamekaa juu ya Kadutu kama sufuria nyeusi. Kila muuzaji anakimbiza vitu ndani. Huyu papa anavuta bati zake, anarudi kinyumenyume, na mguu wake ukaingia kati ya vyuma mpaka juu ya goti. Goti lilishuka. Kupanda likakataa. Walimuvuta. Akalia sauti yenye sijasikia kwa mwanaume muzima. Walipaka sabuni, walipaka mafuta ya mawese. Goti linavimba tu. Na juu ya mulima mvua ilikuwa imeanza: ule mufereji unajua kujaa haraka kuliko chungu ya maziwa, na unashuka na mawe, chupa, mizizi ya miti.

Mujukuu wangu alikuwa anatoka kazini, mashine yake mu mufuko. Watu wakamufungulia njia. Akapiga magoti, akapitisha kidole pale chuma kimebana, akaangalia ncha zote mbili. Moja ilikuwa wazi. Ingine ilizama chini ya ngazi ya duka, kwa hiyo upande ule ilibidi kukata karibu na paja, karibu ya kuogopesha.

Bibi ya papa akatoka mbio na disiki mikononi, rundo nzima. "Twala, binti yangu, twala zote! Bure!"

Mujukuu wangu akachukua moja. Akaipinda kidogo na vidole, akaigeuza, akatafuta tarehe ya kuisha ku ile pete ya chuma ya katikati, hakuiona. Akamurudishia mama polepole. Halafu akamuangalia papa mu macho.

"Hapana, papa. Hizi siweki ku mashine yangu."

"Maji inakuja!" papa akapiga kelele. "Unanichagulia disiki kama nguo?"

"Ikipasuka, mimi naruka. Wewe utaruka wapi?"

Hapo hakuna mutu alicheka. Akanigeukia mimi, nimesimama kati ya watu: "Koko, za kwangu zimeisha. Sanduku."

Mimi, na haya magoti, nilipanda ile njia ya udongo. Sijui nani alinisukuma. Nilitupa maputa yangu chini, ile ya Pasaka, ile ya kuzikiwa, zote, nikashika kifurushi, nikashuka nusu kwa miguu nusu kwa matako. Watu waliniona. Basi waone.

Maji ilikuwa imefika papa ku kifundo. Alikuwa anasema Salamu Maria na kusahau katikati, anaanza tena. Mujukuu wangu alifunga mguu wake na gunia yenye kulowa, akapitisha kipande ya bati kati ya paja na chuma. "Nani anashika?" Vijana wakaangalia viatu yao. Nikashika mimi.

Akavaa malineti ya kulinda macho, akawasha.

Sijui kusema vizuri yenye niliona, lakini nitasema. Moto ulitoka mu chuma kama mukia ya jogoo wa dhahabu, unapiga ile bati mbele ya vidole vyangu, na bati inaimba. Nilingojea mashine iruke. Haikuruka. Nilingojea ilie kama ile nyekundu. Ilikuwa na sauti moja tu, imenyooka, kama wamasista wakiimba. Ile disiki, nyembamba kama ganda ya mukate, iliingia mu chuma kama kisu mu muhogo wa kuiva. Na mikono ya mujukuu wangu! Mikono yenye niliosha mimi, yenye nilipiga sababu ya kuiba sukari. Haikutetemeka. Mutu analia chini yake, maji inapanda, watu wanapiga kelele, yeye anapumua kama mutu anashona. Nimeona askofu akiinua mwili wa Bwana. Sikuogopa vile. Mungu anisamehe, na kama hataki, aniambie mwenyewe.

Ncha ya kwanza ikaachia. Akamwaga maji juu ya chuma, akahamia ku ya pili. Ikaachia. Wanaume wakainua chuma, wakamuvuta papa kwa makwapa, na mguu ukatoka, mweusi, umevimba kama muhogo, lakini mzima. Kisha mufereji ukashuka wenyewe, kahawia, na jiwe kubwa ya jengo ikapita pale mguu ulikuwa. Tuliisikia ikigonga.

Mujukuu wangu alifuta mashine kwanza, ndipo akafuta uso.

Nyuma ya siku chache papa akaja kwangu, anachechemea, na kartoni ku bega. Binti alikuwa kazini. Nikamupa kiti na chai bila sukari, ule mwaka njo tulikunywa hivyo.

"Maman," akasema, "mujukuu wako aliokoa mguu, akaua duka. Kila mutu akifika ku meza yangu anarudilia yale maneno yake ya ku mufereji. Hata mwenye anakuja kununua musumari!"

"Pole, papa."

"Nimemuletea hizi disiki, zawadi. Aweke moja tu, mara moja, watu wamuone. Wewe njo mukubwa. Mwambie, atakusikiliza."

Alikuwa ananiomba kwa adabu, na mimi namupenda. Niliangalia kartoni. Niliangalia ule mguu, umenyooka mbele yake juu ya mukeka wangu, na kiatu yake. Mimi sina mashine. Niko na sanduku na magoti yenye kuuma. Lakini nilimurudishia kartoni mapajani, polepole, nikamuangalia mu macho, nikamujibu bila kuongeza na bila kupunguza:

"Hapana, papa. Hizi siweki ku mashine yangu."