Kumi Juu ya Kumi Darajani

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mto ulifurika, na baada ya hapo niliogopa daraja la kwenda shuleni hata nikakosa masomo wiki tatu. Mama akanipeleka kwa mshauri wa watoto, hospitalini Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Alinifundisha kuipima hofu, sifuri hadi kumi, katika kila hatua: kwanza kulitazama daraja, kisha kushika chuma chake, mwisho kuvuka. Mimi, niliyejiona tayari mwandishi, niliandika kumi daftarini kila siku, na chini yake kurasa mbili kuhusu kifo changu.

“Umeandika vizuri,” mshauri alisema. “Umeona wangapi wakianguka?”

“Bado, daktari. Nitakuwa wa kwanza.”

Siku ya kuvuka, mama akiwa amenishika mkono, nilisimama katikati nikitafuta neno zuri la kueleza yale maji. Nyuma yangu mwanamke wa Kongo, mwenye kapu la kuku kichwani, alisema, “Mutoto, songa. Kuku iko na kiu.”

Nikasonga. Ng’ambo, mama alifungua daftari akaniuliza namba.

“Tatu,” nilinong’ona, kwa aibu ya mtu aliyefeli mtihani, kisha nikaenda darasani.