Kufuli Nililofunga Muthara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kitabu cha risiti, koti la kijivu lililonipwaya mabegani, na kufuli. Ilikuwa Karurumo, kwetu Embu, nami kijana niliyejiona nimeukata. Msimamizi wa Ushuru, mzee mkavu asiyecheka, alinitazama akasema, "Kalamu inaandika tu, kijana. Hili kufuli ndilo linalolipisha." Nilicheka nikidhani ni mzaha, akanitolea macho.

Ninyi maofisa wa leo mnaolipisha watu kwa simu hamjui tulivyofanya kazi. Kila mwenye duka alitakiwa awe na leseni ya mwaka, ibandikwe ukutani ionekane. Asiyekuwa nayo alipewa notisi, karatasi ya kumwonya, yenye siku saba. Zikiisha, tunatia kufuli letu juu ya lake, na mlango haufunguki mpaka alete risiti. Karurumo nilifunga maghala ya mahindi, duka la misumari, hata kinyozi mmoja aliyeniita mchawi mbele ya wateja wake. Wote walilipa. Mahindi hayana haraka, ukiyafungia wiki unayakuta vilevile.

Na tusidanganyane, kila mtu alivunja sheria. Anayepanga nyanya nje ya ua wa soko asilipe ada alivunja. Mwalimu mwenye vyumba kumi vya kupangisha, anayeandika kwamba ana viwili, alivunja. Mimi mwenyewe nilijenga jiko na stoo bila kibali, na nilikuwa ofisa! Swali halikuwa nani mkosaji. Swali lilikuwa nani atafuatwa.

Hilo nililiona vizuri Nchiru. Mabaraza ya miji ya zamani yalikuwa yamevunjwa, serikali za kaunti zimekuja, nami nikaomba kazi upande wa Meru nikachukuliwa. Nchiru ilikuwa imejaa wanafunzi, na kila baada ya hatua mbili kuna kibanda cha chapati. Tulibeba majiko yao yakiwa bado na moto. Hosteli za ghorofa zilizokuwa nyuma ya vibanda hivyo hatukuzigusa. Nilipomuuliza Mkuu wa Mapato, alinijibu, "Sheria ni msumeno, bwana, hukata mbele na nyuma." Msumeno gani! Nilitamani kumwambia hivyo, ila nilikuwa na watoto wanne, nikaufyata.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu nikapelekwa Muthara, kwenye miraa. Hapo ndipo penye jambo linaloninyima raha hadi leo.

Mama Kinya alikuwa mjane mwenye banda la mabati kando ya barabara. Asubuhi majirani zake walimletea miraa kwa kuaminiana, bila shilingi. Yeye na wanawake wawili waliichambua, wakaifunga mabunda kwa majani ya migomba, na saa sita mchana pikapu ya mnunuzi mmoja ilikuja kuibeba na kulipa. Kisha akawalipa majirani. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha na kusomesha wajukuu. Leseni hakuwa nayo, na notisi yake ilikuwa imeisha.

Nilifika saa tatu asubuhi. Mama Kinya akatoka akijifuta mikono kwa leso.

"Ofisa, karibu. Hiyo pesa yenu iko njiani. Gari ikishachukua mzigo nakulipa. Rudi saa nane, kama hujanipata na pesa, funga hata hii nyumba yangu."

"Mama, siku saba zimeisha."

"Najua. Lakini miraa sio mahindi, baba. Ikilala, imekufa."

Nilidhani ni maneno ya mdaiwa. Mtu wa kahawa na mahindi nitajuaje miraa? Nikawatoa nje, nikafunga. Miraa ikabaki ndani chini ya mabati, jua likipanda, nami nikakaa nje kulinda kufuli.

Saa sita kasorobo pikapu ikafika. Dereva akapiga honi, akauliza mzigo uko wapi, watu wakajaa kutazama. Mama Kinya akanijia, sasa akinishika mkono. "Nakuomba kwa jina la Yesu. Fungua dakika kumi tu wapakie. Huyu akikosa mzigo leo, kesho anaenda kwa mwingine."

Nikampigia simu Mkuu wa Mapato. "Amelipa?" akauliza. Nikasema bado. "Basi unanipigia ya nini?" Ng'ambo ya barabara lilikuwako ghala kubwa la tajiri mmoja, halikuwa na leseni tangu nifike. Nikalitaja. Akasema, "Hapo usipeleke mguu wako," akakata.

Nikamgeukia yule mama nikamwambia, "Ufunguo uko ofisini." Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Pikapu ikavuka barabara, ikajaza kwenye ghala la tajiri, ikaenda zake. Mama Kinya akakaa chini kwenye changarawe. Alilipa leseni siku ya tatu, baada ya kuuza ng'ombe wake wa maziwa. Nilipofungua banda, mabunda yalikuwa meusi. Yule mnunuzi hakurudi, na majirani hawakumletea tena. Mwezi uliofuata nilimwona akichuma miraa ya watu kwa kibarua. Leseni mpya ilibaki imebandikwa kwenye banda tupu. Na mimi nikasifiwa katika ripoti, Mungu anisamehe.

Nimestaafu. Watu huniuliza kama serikali ilegeze au ikaze. Mimi nasema kodi ilipwe, barabara hazijengwi kwa maombi. Ila anayekaza aanzie juu, na aangalie saa ya mtu kabla ya kumfungia mlango.

Mwaka huu nilipanda gari hadi Muthara kumtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake, amezeeka, macho yana ukungu. Alinijua kwa sauti, akaniwekea kiti. Nikasema, "Mama Kinya, siku ile nilikudanganya. Ufunguo nilikuwa nao."

"Nilijua," akasema. "Kila nikikuomba ulikuwa unaushika mfukoni."

Nikamuuliza mbona hakusema, na watu walikuwa wamejaa pale, wangenilazimisha.

"Ungeaibika mbele ya watu, baba. Nikaona nikungoje uutoe mwenyewe."