Mahali Alipolala Ng'ombe

Watoto wangu wamezaliwa Mombasa na baridi wanayoijua ni ya friji. Labda ndiyo maana hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya mimi na kaka yangu tukienda shule peku asubuhi, huko Eldoret. Umande uliuma mpaka vidole vikafa ganzi. Njia yetu ilikatiza malisho ya jirani, na ng'ombe wake walikuwa bado wamelala. Tulimgusa mmoja mgongoni, akainuka kwa uvivu, nasi tukarukia pale alipokuwa, tukasimama kwenye nyasi alizozilalia usiku kucha. Aliyemwamsha ng'ombe ndiye aliyetangulia. Miguu ikipata moto, tunakimbia hadi kwa ng'ombe mwingine.

Kifungua mimba wangu, msichana wa miaka minane, akaanza kunishuku. "Mama, hiyo waitunga," aliniambia siku moja. Mdogo wake, ambaye neno la dada yake kwake ni sheria, naye akageuka. Mimi si mtu wa kuitwa mwongo nyumbani kwangu. Nikawaambia shule zikifungwa Agosti tutaenda kwa nyanya yao wakajionee.

Tukaenda. Sijui nilitarajia nini. Eldoret siku hizi ni jiji, na tangu niondoke hakuna aliyenitunzia kitu. Niliwatembeza mchana kutwa. Uwanja tuliochezea mpira wa kati umejaa magorofa ya kupangisha, nguo zimeanikwa kila roshani. Mipera tuliyokuwa tukiiparamia imekatwa, pamejengwa duka la mbao na mabati. Pale kwenye mto Sosiani tulipokuwa tukioga, maji yalikuwa na rangi ya chai na chupa za plastiki zilikuwa zimekwama kwenye mawe. Kila nilipoonyesha kidole, binti yangu aliangalia, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, "Hiyo pia haipo."

Upole wake ndio ulioniudhi. Angebisha, ningemjibu. Jioni nilisonga ugali nikiugongesha mwiko kwenye sufuria. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba utoto wangu utabaki kichwani mwao kama hadithi za sungura na fisi, kitu kizuri ambacho hakikuwahi kutokea.

Mama yangu aliona na hakuniuliza mengi.

"Si bado niko na ng'ombe mmoja," alisema akipakua mboga. "Analala tu hapo nyuma. Lakini muamke mapema, kabla sijamkamua."

Kulipopambazuka niliwatoa nje peku. Yule mdogo aliweka mguu mmoja kwenye nyasi, akaurudisha ndani, akaanza kulia.

"Kwani hawa hawajui baridi?" mama akauliza toka jikoni. Alikuja akicheka, akambeba mgongoni na kumfunika na leso.

Dada yake hakurudi. Meno yalikuwa yakigongana na midomo imempauka, lakini huyo ni mwanangu kweli, afadhali aumie kuliko kuonekana ameshindwa. Tulimkuta ng'ombe kando ya mahindi, amejilaza, anacheua.

"Mguse," nikamwambia. "Anayemwamsha ndiye anatangulia."

Akamgusa kwa kidole kimoja. Ng'ombe alitutazama, akachukua muda wake, kisha akainuka, miguu ya nyuma kwanza. Nyasi alizozilalia zilikuwa zimelala bapa, zikitoa mvuke kidogo. Binti yangu akaingia hapo katikati. Nilimkodolea macho usoni, moyo ukinidunda kama wa mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Vidole vya miguu vilijikunja, vikakunjuka, vikajikunja tena. Mabega yakashuka.

Nilingoja aniambie kumbe ni kweli. Hakuniambia. Alisogea kando kidogo, akaniachia nafasi, nami nikavua ndara nikasimama karibu naye. Joto lilikuwa lile lile, likipanda toka kwenye nyayo, na harufu ile ile ya maziwa na samadi. Nilifurahi. Nyuma yetu mama alikuwa tayari ameshika ndoo ya kukamulia, mjukuu mgongoni, anatungoja tumalize mambo yetu.

"Mama," binti yangu alisema, akiangalia miguu yetu minne, "sasa nieleze tena ile ya mtoni."