Mbao Zilibaki Mlali, Asbesto Zikarudi Dodoma

Upepo wa Mlali uliling'oa paa la shangazi yangu Penina, ukalitupa shambani limekunjamana, halifai tena. Tangu hapo akawa analala kwa jirani, na mtu mzima kulala kwa jirani si jambo dogo. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kujikusanya. Mimi kazi yangu ni kubomoa na kukarabati nyumba hapa Dodoma. Sasa nani amwezekee, kama si mimi?

Asubuhi, Dodoma mjini. Nyumba tuliyokuwa tukiikarabati ilikuwa imeezekwa mabati ya kawaida mbele, na uani asbesto za zamani, zile za kijivu, nzito. Mwenye nyumba alitaka vyote vikatupwe korongoni. Nikamwambia, "Mama, korongo si jalala. Mvua ikija, uchafu wako utakwenda kubisha hodi kwa watu." Akacheka, akaniachia niamue. Nikamchagulia shangazi mbao nzima, nikang'oa misumari, nikatoa mabati mazuri na mlango mmoja. Vipande vya tofali tukavijaza kwenye magunia, vya kushindilia sakafu. Asbesto nikazitenga. Vumbi lake linaua mapafu polepole, na zina mahali maalumu pa kufukiwa. Ofisi ya mazingira ilishanielekeza. Kisha nikaenda kunywa chai, nikamwacha dereva wetu Jumanne, Mrangi wa Kondoa mwenye maneno mengi, amalizie kupakia.

Buigiri, njiani kwenda Mlali. Kamba ililegea, tukasimama kuikaza. Nikainua ule mlango, chini yake nikaona kijivu. Asbesto!

"Jumanne! Umempakilia shangazi yangu sumu?"

"Fundi, usinile mbichi. Shangazi mwenyewe alinipigia. Anasema bati linaunguza mchana, na mvua ikinyesha watu hawasikilizani. Anataka za kijivu, kama za nyumba za walimu alikokuwa akipika zamani."

Lo! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kuzishusha kando ya barabara ni kuwaachia balaa watoto wa wenzetu, na kurudi mjini, mawingu yasingetungoja. Barakoa za kazi sikosi garini. Tukazivaa, tukanunua nailoni dukani, tukaomba maji, tukazilowesha asbesto vumbi lisiruke, tukazifunga bila kuvunja hata moja.

"Hawa sasa ni abiria wa kwenda na kurudi," nikamwambia Jumanne. Mpaka tunaipita Kongwa, jicho lake lilikuwa kwenye kioo, likilichunga lile furushi.

Mlali, mchana. Shangazi alikuwa akitungoja uwanjani, kanga kaifunga kiunoni, tayari kwa kazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Eliza. Mbao hizi zimetoka nyumba ya nani?"

Kwake yeye, mti wa nyumba hauingii nyumba nyingine bila kusemwa ulikotoka. Wazee wake walipohama waling'oa nguzo za tembe, zile nyumba zao za paa la udongo, wakaenda kuzisimamisha kwingine. Kuichoma nguzo nzima ilikuwa aibu.

"Za mama mmoja mjini," nikamjibu. "Amelea wanawe humo mpaka wakaoa. Anapanua nyumba tu, hana ugomvi na mtu."

Akaupapasa ubao. "Basi zikaribie." Kisha jicho likaangukia furushi la nailoni. "Na zile zangu?"

"Zinarudi, shangazi."

"Zinarudi wapi? Niachie hata za jikoni! Walimu wamelala chini yake miaka yote, nani alikufa?"

Nikamwambia, "Umeniuliza habari za mbao, basi sikia na za hizi. Fundi aliyenifundisha kazi alizikata miaka mingi bila kufunika pua. Kifua ndicho kilichommaliza. Tulimzika bado ana umri wa kujenga."

Shangazi akarudi nyuma, mbali na furushi. "Aka! Zisishuke," akasema. "Lakini bati lina kelele, nakwambia mapema."

Majirani wakaja, na boriti ya kwanza shangazi akajitwika mwenyewe mpaka ukutani. Tukaezeka mabati, na chini yake tukapigilia dari ya mbao zilizobaki, tukaacha nafasi ya hewa ili joto la mchana lipungue. Tofali zikaingia sakafuni. Jioni tuliondoka tukiwa na furushi letu tu.

Asubuhi iliyofuata, Dodoma. Tuliwakabidhi watu wa ofisi ya mazingira zile asbesto wakazifukie, zikiwa zimefungwa vilevile. Siku hizi, kabla sijapakia kitu kilichotoka kwenye nyumba ya mtu, nauliza kama shangazi: hiki kimetoka wapi, kimefanya nini huko? Kingine kinastahili nyumba ya pili, kingine kinastahili kaburi. Jumanne naye anauliza, tena kwa sauti.

Asubuhi ile ya kukabidhi, kabla hatujaondoka pale, simu ikaita. Nyuma ya sauti ya shangazi kulikuwa na kishindo kikubwa.

"Shangazi! Mvua imewafikia? Uko wapi?"

"Eeh? Sikusikii!" akapiga kelele. "Niko kitandani kwangu! Si nilikwambia bati lina kelele?"